Ala ya dira kutoka kwa fundi wa Kamalondo, miezi minane baadaye

Ala yangu ya kwanza ya dira haikumaliza hata masika moja. Niliinunua sokoni kwa dola 10: nyeusi, inang'aa, na kifuniko chake kinajifunga chenyewe, tap, kwa sumaku. Sumaku, kwenye ala ya dira, wakati sumaku huvuta sindano yake! Na mimi ninayeishi kwa kupima miamba nilisimama pale nikaisifu, nikalipa. Wiki ya pili tulikuwa njia ya Kipushi, mimi na mwenzangu, tunapima mwelekeo wa tabaka moja lile lile. Nikalaza dira juu ya ala ili jiwe lisiikwaruze. Tuliposomeana vipimo, tukapishana nyuzi 11. Akatazama dira, akatazama nilichoitandikia, akacheka mpaka akaketi kwenye kichuguu.

Huyo huyo ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa ngozi wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Nimevaa kazi ya fundi huyo kiunoni karibu kila siku kwa miezi minane sasa, kwenye mvua na kwenye vumbi jekundu la huku kwetu, kwa hiyo naweza kusema kitu.

Unapoingia barazani kwake, cha kwanza kukushtua ni bastola. Ziko saba au nane, zimepangwa kwenye rafu, ndogo ndogo, za rangi ya kahawia. Ukisogea unaona ni mti wa mulombwa uliochongwa na kupigwa msasa. Kazi aliyoanza nayo ujanani ni kushona ala za bastola kwa wenye vibali, na hadi leo bado anapata oda hizo mara moja moja. Nikamuuliza kwa nini anachonga. "Mwana, hakuna mutu anaachaka bunduki kwa fundi. Njo maana nachongaka muti." Kumbe mafundi wa Marekani na Ulaya nao hufanya vivyo hivyo, ila wao hununua bastola bandia za plastiki ngumu zenye vipimo kamili vya ile ya kweli. Yeye anatumia kalipa ya kupimia, kisu na subira.

Subira hiyo itakuhusu na wewe. Alitaka nimwachie dira siku tatu. Nilikataa. Ni Brunton, ile ambayo mhandisi wa migodi David W. Brunton aliipatia hataza mwaka 1894, na bei yake mpya inapita mshahara wangu wa mwezi. Basi akaniambia nikae. Nilikaa kwenye kigoda kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, yeye akichonga mfano wa dira yangu, kifuniko chake cha kioo kikiwa kimefungwa, na kale kabawaba ka pembeni kakionekana kabisa. Katikati ya kazi alikuwa akinitupia maswali ambayo sikuyategemea. Navuta kwa mkono gani? Nakaa sana kwenye gari? Mkanda wangu una upana gani? Baadaye nilielewa kwamba hayo ndiyo maswali ya mshona ala za bastola: mkono, upande wa kiuno, mwinamo, mkanda. Wa sokoni hakuniuliza hata jina.

Kuhusu ngozi alinipa somo zima bila kuombwa. Alichukua kipande cha ala yangu ya zamani, akakikata, akanionyesha katikati: kijivu chenye ubluu. Hiyo ni ngozi iliyotengenezwa kwa kromu, laini, nzuri kwa mkoba wa harusi. Akakata ya kwake: kahawia toka juu mpaka chini, ngozi iliyoivishwa kwa magome ya miti. Akailowesha ncha, akaikandamiza kwa ukucha, alama ikabaki. "Hii ikinywa maji, inasikia. Ile ingine ni kiziwi." Isitoshe, chumvi za kromu zinaweza kula chuma kikikaa ndani muda mrefu, na ndiyo sababu washona ala za bastola huikwepa. Ngozi yake inapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na ina unene wa karibu milimita 3. Wamarekani wangeiita ya aunsi 7 au 8, maana wao hupima unene wa ngozi kwa aunsi na kila aunsi ni kama milimita 0.4. Kwa bastola ndogo wanatumia unene huo huo.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kulowesha. Anachovya ngozi iliyokwisha kukatwa kwenye maji ya vuguvugu, anaitoa, halafu hafanyi kitu. Anasubiri rangi ya mwanzo ianze kurudi. Hapo ndipo anauvisha mfano wa mti ngozi hiyo na kuanza kuikanda kwa vidole, kisha kwa kipande cha mfupa wa ng'ombe kilicholainika kama sabuni, akifuata kila ukingo mpaka umbo lijitokeze juu ya ngozi. Ikikauka inabaki hivyo, ngumu, mdomo wazi. Kwa bastola, alinieleza, mdomo kubaki wazi si urembo: ngozi iliyolegea inaweza kujikunja ndani na kusukuma kifyatuo cha risasi wakati mtu anairudisha bila kuangalia. Kwa dira yangu hatari ni ndogo zaidi, lakini nayo nairudisha kwa mkono mmoja, jicho likiwa kwenye daftari.

Ushonaji ni wa sindano mbili kwenye uzi mmoja uliopakwa nta ya nyuki, kila tundu likitobolewa kwa maharazi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Mshono mmoja ukikatika, mingine inashika. Wa mashine huanza kufumuka pale pale, kama ule wa dola 10.

Halafu kifungo. Hapa nitacheka kidogo: tuko Lubumbashi, mji wa shaba, bomba la kiwanda cha kuyeyushia linaonekana kutoka kila upande, na kifungo cha shaba ya manjano kilitafutwa siku tatu. Kila alicholeta kilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Tulikuwa tunavipima kwa dira yenyewe: unakileta kifungo karibu, ncha ya sindano inageuka kukisalimia, kinarudi sokoni. Cha sita ndicho sindano ilichokidharau.

Sasa lawama. Aliniahidi wiki mbili, zikawa nne na siku kadhaa. Ilikuwa Januari, mvua kila alasiri, na ngozi iliyoloweshwa lazima ikauke kivulini, polepole. Jua kali huipasua. Hilo nalikubali. Nisichokubali ni simu kuzimwa siku tisa mfululizo huku nusu ya pesa yangu iko kwake na sina hata karatasi ya kuonyesha. Nilipomkuta alishangaa kwa nini nilikuwa na wasiwasi. Ukienda, omba aandike kiasi ulichotoa, hata kwenye kipande cha boksi.

Rangi nayo. Mara ya kwanza kunyeshewa, suruali yangu ya kaki ilipata doa la kahawia pajani ambalo lipo mpaka leo. Nilimrudishia ala, akaifuta kwa kitambaa mpaka kikatoka kisafi, akapaka nta upya bila kudai kitu. Angefanya hivyo kabla, mke wangu asingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Siku za kwanza dira ilikuwa haitoki. Nilivuta mpaka nikadhani nimeibana milele. Dawa yake ilikuwa rahisi: funga dira kwenye mifuko miwili ya plastiki, iingize, iache usiku kucha. Asubuhi ngozi imepanuka kiasi cha pumzi, na sasa nikigeuza ala kichwa chini kifungo kikiwa wazi, dira haianguki. Mafuta usitie. Jirani yangu alipaka ya kwake mafuta ya kula kwa nia njema, leo imelegea kama soksi. Na nyumbani usihifadhi chombo ndani ya ala, kiwe dira au chochote cha chuma. Ngozi inashika unyevu, na shaba inaota kijani.

Nililipa dola 45, nusu mbele. Kwa hesabu ya sokoni ni ala nne na nusu. Pembe zimekwaruzwa, kitanzi cha mkanda kimeng'aa kwa kusuguliwa, mshono haujatoka hata mmoja. Ningelipa tena, ila kiangazi, Juni au Julai, ngozi ikauke kwa wakati.

Mwenzangu aliyenicheka naye ameagiza yake, pamoja na kitanzi cha nyundo. Hii ni wiki ya tano. Jana amenipigia kuuliza kama nina namba nyingine ya yule papa fundi.