Mikono ya Duane Jones katika Night of the Living Dead

Watu wakiizungumzia Night of the Living Dead, wanazungumzia maiti. Watakutajia mwongozaji, George A. Romero, watakutajia mwaka 1968, watakuigizia mwendo wa wale wafu wanaoburuta miguu, kisha basi. Duane Jones hawamtaji. Ndiye anayeishika filamu nzima tangu anapotokea kwenye mwanga wa taa za gari hadi risasi ya mwisho, na bado ukiuliza jina lake hapa Kampala, hata kwa wapenzi wa filamu za zamani, wengi watakujibu "yule mweusi". Jina analo, na nataka lijulikane.

Mimi ni seremala, kazi yangu iko Ndeeba, kwenye mbao. Nalisema hilo mapema kwa sababu namtazama Jones kwa jicho la mtu wa nyundo, na naamini ndivyo anavyostahili kutazamwa. Waigizaji wengi wa filamu za kutisha huonyesha hofu kwa kupiga mayowe na kutoa macho. Jones anaionyesha kwa kufanya kazi. Anaogopa, kwa hiyo anatafuta misumari.

Kwa asiyeijua hadithi: dada na kaka wanakwenda kuweka shada kwenye kaburi la baba yao huko mashambani Pennsylvania, Marekani. Mtu mwenye mwendo usio wa kawaida anawavamia, kaka anaanguka, na dada, Barbra, anakimbilia nyumba ya shamba ambayo mwenyewe amekwisha kuuawa. Ben, ambaye ndiye Jones, anafika na pikapu iliyokaribia kuishiwa petroli. Baadaye tunagundua kwamba chini ya nyumba wamejificha watu wengine watano: Harry Cooper na mkewe na binti yao mgonjwa, na vijana wawili wapenzi. Nje wafu wanazidi kukusanyika, na wana njaa ya nyama ya watu. Sisi tuliokulia Uganda tumesikia tangu utotoni habari za basezi, watu hai wanaodaiwa kufukua maiti usiku na kuzila. Hapa mambo yamegeuka, marehemu ndio wanaokula. Nyumba moja, usiku mmoja, ndiyo filamu yote.

Mtazame Ben akishaingia ndani. Hakai. Anafungua droo, anatafuta vifaa, anaivunja meza, anabandua mlango wa chumbani kwenye bawaba zake. Anamwomba Barbra aangalie kama kuna mbao karibu na meko. Akisema naye anashusha sauti, ana subira, kama mzazi anayesema na mtoto aliyeamka na homa. Anamwambia kwamba anajua anaogopa, na kwamba yeye pia anaogopa. Kisha anageukia dirisha na kuanza kupigilia. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea ila mtu kupigilia mbao ukutani, na huwezi kuondoa macho. Hata viatu: anavipata ndani ya nyumba, anapiga magoti, anamvalisha Barbra ambaye hana habari tena na miguu yake. Kitendo kidogo sana. Mwigizaji mwingine angekipitia haraka ili afike kwenye bunduki.

Karakana yetu ina mafundi kutoka Arua, Busia na hata Bunia, kwa hiyo lugha yetu ya kazi ni Kiswahili, na tulipoiangalia filamu hii pamoja kwenye kompyuta, kelele zilianza kwenye madirisha. Mbao hazilingani urefu! Nyingine zimepigiliwa mshazari! Kati ya ubao na ubao mkono mzima unapita! Ni kweli, na mikono ya wafu inapita hasa. Lakini hapo ndipo ninapomsifu Jones. Ben si seremala. Ni mtu mwenye akili na mikono, aliyeshika nyundo kwa sababu usiku umemlazimisha, na Jones anapiga hivyo hivyo: kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, kwa haraka, akitazama nyuma kila mara. Fundi huupiga msumari akiwa ametulia. Mwenye hofu huupiga kama adui yake. Jones alijua tofauti hiyo, au mikono yake ilijua.

Kuna hotuba moja ambayo ningeipeleka kwenye darasa lolote la uigizaji, Makerere au kwingineko. Akiwa bado na kazi mikononi, Ben anamsimulia Barbra jinsi alivyolipata lile gari: lori la petroli likiwaka moto barabarani, mtu akipiga kelele, halafu wale wafu wamesimama tu mbele yake wala hawakimbii, naye akawapitia na gari. Hatuonyeshwi hata kipande cha tukio hilo. Hapakuwa na pesa za kuunguza lori. Filamu nzima iligharimu kama dola 114,000. Jones peke yake ndiye lori, ndiye moto, ndiye yule mtu anayelia. Hapandishi sauti. Anaongea kana kwamba anajieleza mwenyewe kwa mara ya kwanza kitu alichokifanya, na anapofika kwenye kuwagonga unaona kwamba hajajisamehe.

Sasa niseme kuhusu nakala, kwa sababu ndiyo inayoamua kama utamwona Jones au hutamwona. Filamu hii kwanza iliitwa Night of the Flesh Eaters. Jina lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani halikurudishwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kosa hilo lilitosha kuifanya iwe mali ya kila mtu. Ndiyo maana iko kila mahali bure, na ndiyo maana kila mahali ni mbovu: nakala ya nakala ya nakala. Ile utakayopakiwa kwenye flashi vibandani kwa shilingi elfu moja ina giza kiasi kwamba uso wa Jones ni doa tu. Weupe wanaonekana, wafu wanaonekana, mwigizaji mkuu haonekani. Naamini hilo peke yake limemnyang'anya sifa nyingi kwa miaka mingi. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la Museum of Modern Art la New York pamoja na The Film Foundation, shirika la kuhifadhi filamu, waliisafisha upya kutoka kwenye negativi ya asili, Romero mwenyewe akiwa bado hai, na kampuni ya Criterion ikaitoa kwenye diski mwaka 2018. Mpwa wangu aliniletea diski hiyo kutoka Nairobi. Ilikuwa filamu mpya kwangu. Jasho linaonekana. Shaka inaonekana, ile inayopita usoni mwake pale Cooper anapomwambia kwamba mahali salama ni chini.

Ipime nakala yako hivi: Ben anapotokea mara ya kwanza, Barbra akiwa amemulikwa na taa za gari, tafuta macho ya Jones. Ukiyaona, endelea. Usipoyaona, itafute nyingine. Zile zilizotiwa rangi ziache kabisa. Na sauti iwe ya asili. Nawapenda maviijei wetu, wale wanaotafsiri filamu kwa kuongea juu yake, na nimekua nao kwenye vibanda, lakini filamu hii ina ukimya ambao hautakiwi kujazwa.

Ugomvi wa Ben na Cooper ndio moyo wa filamu. Cooper, anayeigizwa vizuri sana na Karl Hardman, anataka wote wajifungie chini, mlango mmoja tu. Ben anataka wabaki juu ambako kuna madirisha ya kutorokea, redio, na baadaye televisheni. Karakana yetu iligawanyika kwa jambo hili na hadi leo haijapatana. Tazama usiku ulivyoisha: mpango wa Ben wa kwenda kwenye pampu ya petroli unawaua wale vijana wawili kwa moto, na yeye mwenyewe anaokoka mwishoni kwa kushuka chini, pale pale alipokataa. Jones haigizi shujaa asiyekosea. Anaigiza mtu mwenye kiburi cha kazi yake, anayeamini mbao alizozipigilia kwa sababu amezipigilia yeye. Nakijua kiburi hicho, niko nacho kila siku, na sijawahi kukiona kikionyeshwa kwa ukweli namna hii.

Halafu ule mlango. Ben anarudi mbio kutoka kwenye moto, Cooper hamfungulii. Ben anauvunja kwa teke, anaingia, na wewe mtazamaji unasubiri ngumi. Haiji. Kwanza wanaufunga tena mlango, bega kwa bega, Ben na mtu aliyetaka kumwacha afe. Mbao zinapigiliwa. Mlango ukishashika, ndipo anamgeukia na kumpiga. Kazi kwanza, hasira baadaye. Uso wa Jones katika zile sekunde za kupigilia, akiwa amemeza ghadhabu yote kwa sababu mikono ina shughuli, ndio uigizaji bora kabisa niliowahi kuuona katika filamu ya kutisha, ya zamani au ya sasa.

Sehemu moja sijaipenda hata baada ya kuirudia. Barbra anataka kutoka nje kumtafuta kaka yake, anampiga Ben kofi, naye anamrudishia kwa ngumi hadi anazimia. Jones mwenyewe hakuwa na raha na tukio hilo, na alikuwa na sababu: filamu ilipigwa mwaka 1967, mtu mweusi akimpiga mwanamke mweupe mbele ya watazamaji wa Marekani. Nampa sifa kwa kinachofuata, jinsi anavyomlaza kwenye kochi kwa uangalifu. Lakini Barbra ameandikwa vibaya. Anakaa tu, na Judith O'Dea anayemwigiza alistahili zaidi ya hapo. Zile taarifa za televisheni nazo zinarefushwa, na muziki mara nyingine unapiga kelele mahali ambapo uso wa Jones ulikuwa umeshasema.

Mwisho nitausimulia, filamu ina umri wa kutosha. Asubuhi Ben anasikia mbwa na milio ya bunduki, anapanda kutoka chini, anasogea dirishani kwa tahadhari. Wanaume wenye bunduki, wenye kazi ya kusafisha wafu, wanaona kivuli na kumpiga risasi kichwani. Hawaulizi. Wanamburuta kwa ndoano na kumweka kwenye rundo la kuchomwa. Mzee wetu wa vanishi, mzaliwa wa Bombo aliyepitia vita vya Luwero, alikuwa amekaa kimya filamu nzima. Hapo akasema, "Mwanangu, usiku alijua adui ni nani. Asubuhi ndiyo saa mbaya." Kijana wetu wa Busia akamuuliza, "Sasa mzee, angefanyaje?" Mzee hakumjibu.

Nafasi ya Ben haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Romero alisema Jones alipewa kwa sababu alikuwa bora kuliko wote waliojaribiwa, na hakuna sentensi hata moja ndani ya filamu inayotaja rangi yake. Katika maandishi ya kwanza Ben alikuwa dereva wa lori mwenye maneno ya ovyo. Jones, mtu msomi, aliyabadilisha maneno hayo yakawa ya mtu mwenye heshima, na bila mabadiliko hayo tusingekuwa na filamu hii. Romero alisimulia pia kwamba habari za kuuawa kwa Martin Luther King, tarehe 4 Aprili 1968, ziliwakuta wakiwa garini wakiipeleka filamu New York kutafuta msambazaji. Ilionyeshwa Pittsburgh mwezi wa Oktoba. Huwezi kuitazama risasi ile ukasahau mwaka wenyewe, hata kama walioiandika hawakuipangia hivyo.

Baada ya hapo Hollywood haikujua ifanye nini naye. Jones alifundisha vyuoni, akaongoza michezo ya jukwaani, akasimamia Black Theater Alliance, umoja wa vikundi vya maigizo vya watu weusi, akaigiza katika filamu chache, akafariki mwaka 1988 akiwa bado na umri wa kufanya kazi kubwa. Filamu ya Ben iliporudiwa mwaka 1990, nafasi alipewa Tony Todd, mwigizaji mwenye nguvu na sauti nzito, na alifanya vizuri. Lakini Ben wa Todd anapigana. Ben wa Jones anajenga.

Kwa watoto hapana: kuna binti mdogo anayemuua mama yake kwa mwiko wa mwashi, na kilio cha mama yule kinakaa masikioni. Kwa mtu mzima, tenga saa moja na nusu na dakika chache, zima taa, weka simu mbali.

Ninachokitafuta sasa ni Ganja & Hess ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Bill Gunn, ambamo Jones ni Dakta Hess Green, mtaalamu anayegeuka kuwa mnywaji wa damu baada ya kuchomwa na kisu cha kale. Ilikatwakatwa na wasambazaji na kuuzwa kwa majina mengine, kwa hiyo nataka ile kamili, yenye picha safi. Aliye nayo hapa Kampala aseme bei.