Vernia, futi kamba au kipimapembe: ununue kipi kwanza kama unatengeneza vifaa vya sinema za anga

Lango la Stargate, kama lilivyoonekana katika sinema ya mwaka 1994, lina alama 39 kuzunguka pete yake. Gawanya 360 kwa 39 upate 9.23 na mkia wa desimali. Sasa fungua mkebe wa shule, toa kipimapembe, utafute mstari wa 9.23. Haupo. Mimi nilisema 9 inatosha, nikapiga alama zangu kwenye plywood hadi nikazunguka, na nilipofunga duara nikakuta nyuzi 9 hazina mwenyewe: pengo moja lilikuwa na upana wa mapengo mawili. Plywood ile sasa ni mfuniko wa pipa la maji.

Ndiyo maana orodha hii haianzii pale ambapo wengi wangeanzia. Kazi zetu za helmeti, bunduki za anga na vyombo vya roketi zina pembe kila kona, lakini karibu pembe zote hizo unaweza kuzipata kwa kupima urefu, na urefu ni rahisi kuupima kwa usahihi. Kwa hiyo pesa ziende kwanza kwenye vifaa vya urefu.

1. Futi kamba ya fundi cherehani

Najua, mtu alitegemea kuona kitu chenye betri. Lakini hii bei yake ni ya soda mbili tatu, na ndiyo iliyoniokoa kwenye lango. Duara la nusu kipenyo sm 30 lina mzingo wa sm 188.5. Gawanya kwa 39, kila alama inachukua sm 4.83. Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa mzingo, uchore alama zako juu yake ukiwa mezani, kisha uuzungushe kwenye ukingo wa duara. Cha kuzingatia ni kimoja: kila alama ihesabiwe kutoka sifuri (4.83, 9.67, 14.50, na kuendelea), usiruke kutoka alama hadi alama kwa bikari. Ukikosea nusu milimita kila hatua, kwa hatua 39 umekosea karibu sm 2.

Kazi yake ya pili ni kichwa cha mvaaji. Tuseme kichwa kina mzingo wa sm 57, na sponji yako ya EVA, ile ya mikeka ya mafumbo ya watoto, ina unene wa mm 10. Ukikata ukanda wa sm 57, helmeti haitaingia. Sponji ikikunjwa, upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa. Urefu usiobadilika uko katikati ya unene. Hivyo ongeza pai mara unene: 57 na 3.14, kata sm 60.1. Ukivaa na kitambaa ndani, ongeza tena.

Dukani, chagua yenye nyuzinyuzi za kioo ndani, siyo plastiki tupu, maana plastiki tupu inavutika. Vuta kidogo uone. Kisha omba karatasi ya A4 uipime: urefu ni mm 297 na upana mm 210. Angalia pia kile kibati cha mwanzo, maana kuna futi ambazo sentimita ya kwanza inaanzia baada ya kibati badala ya ncha.

Futi hiyohiyo uende nayo kwenye duka la kuchapisha. Niliwahi kuchapisha kiolezo cha helmeti, mashine ikakibana kitoshee karatasi, kikatoka asilimia 94. Sm 57 zikawa 53.6, na gundi ya viatu ilikuwa imeshakauka nilipogundua. Siku hizi nachora mraba wa sm 10 pembeni mwa kila ukurasa na naupima kabla sijalipa. Kama kiolezo ni cha A4 na unataka cha A3, mwambie akukuzie kwa asilimia 141. Hicho ni kipeuo cha pili cha 2, ndivyo karatasi hizi zilivyopangwa.

2. Vernia ya dijitali, mm 150

Hiki ni kifaa chenye taya mbili cha kupimia unene na kipenyo, na hapa ndipo pa kuongeza pesa kidogo. Chukua ya chuma. Za plastiki taya zinapinda ukibana, na unaanza kupima nguvu ya kidole chako badala ya bomba.

Kuijaribu dukani ni dakika moja. Funga taya, iinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, rudisha. Bonyeza sifuri, fungua na ufunge mara tano sita. Kila ikifunga isome sifuri au ikaribie sana. Halafu toa kadi yako ya benki. Kadi hizo popote duniani ni mm 85.60 kwa 53.98, kwa hiyo unatembea na kipimo mfukoni bila kujua. Ikisoma 85.5 au 85.7 sawa. Ikisoma 84, muuzaji akikuambia ni kadi yako iliyochakaa, mwachie vernia yake na hadithi zake.

Nyingi zinatumia betri ya kidonge ya LR44, na za bei nafuu zinaendelea kuinyonya hata zikiwa zimezimwa. Itoe betri ukimaliza kazi.

Kwa nini ni ya pili? Kwa sababu ya mabomba. Bomba linaloitwa inchi 1 kwa kipimo cha Kimarekani lina kipenyo cha nje cha mm 33.4, wakati inchi yenyewe ni mm 25.4. Ukinunua kwa jina, vipande havitaingiliana. Tena, vifaa vingi vya sinema za zamani vilitokana na vitu halisi. Upanga wa mwanga wa Luke katika Star Wars ya 1977 ulikuwa mpini wa taa ya kamera ya Graflex, ambao mpambaji wa seti Roger Christian aliukuta katika duka la kamera London. Bunduki ya Han Solo, wa sinema hiyohiyo, ilijengwa juu ya bastola ya Mauser C96. Kitu kilichotoka kiwandani kina vipimo, na kipimo kimoja ukikijua, picha inakupa vingine kwa uwiano. Kama kipenyo kwenye picha kinasoma mm 12 na ukweli wake ni mm 38, zidisha kila kitu kwenye picha hiyo kwa 3.17. Ila picha iwe imepigwa ubavuni kabisa, maana iliyopigwa kwa mshazari inadanganya.

3. Bikari ya fimbo

Usiinunue. Itengeneze: ubao mwembamba wa nusu mita, msumari upande mmoja, tundu la penseli upande mwingine. Bikari ya mkebe haifiki mbali, na kazi zetu zinataka maduara makubwa kuliko unavyodhani.

Mfano ni mdomo wa injini ya roketi, ambao ni umbo la ndoo. Tuseme kipenyo cha juu ni sm 12, cha chini sm 20, kimo sm 15. Nusu ya tofauti ya vipenyo ni 4, na Pythagoras anakupa ubavu: kipeuo cha pili cha 225 na 16, yaani sm 15.5. Ukiurefusha ubavu huo hadi ncha inapokutana, unapata 15.5 mara 10 gawanya kwa 4, sm 38.8. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tao la nje; la ndani ni 23.3. Pembe yake ni karibu nyuzi 93, lakini usihangaike nayo. Chora matao mawili, laza futi kamba juu ya tao la nje, hesabu sm 62.8 ambazo ni mzingo wa duara la kipenyo sm 20, kata hapo. Ongeza ulimi wa kugundisha.

4. Skwea

Ni kifaa cha kukagua kona ya nyuzi 90. Ni nzuri, hasa ile inayoteleza kwenye rula, ila si ya haraka. Mnara mweusi wa *2001: A Space Odyssey*, kwa mujibu wa riwaya ya Arthur C. Clarke ya 1968, una uwiano wa 1:4:9, mraba wa 1, wa 2 na wa 3. Ule wa kwenye sinema ni mwembamba zaidi. Wa sm 20 kwa 80 kwa 180 unatoka kwenye plywood mbili za sm 122 kwa 244. Sura zikiwa za mm 18 na mbavu zikikaa katikati yake, mbavu ziwe na upana wa sm 16.4, siyo 20. Na kama kona zake ni nyuzi 90, hupimi kwa skwea. Unapima kona kwa kona, zote mbili zisome sm 197. Fundi ujenzi yeyote naye hupima kona kwa urefu: pande 3 na 4, mshazari 5.

5. Kipimapembe cha dijitali

Ukikata ukingo wa sponji kwa mshazari, hapo kinafaa: paneli sita zinazofunga duara, kila ukingo nyuzi 30; zikiwa nane, nyuzi 22.5. Basi.

Leza ya kupimia umbali iache kwa wapima viwanja. Na futi kamba nunua mbili, maana moja itachukuliwa na mtu wa nyumbani apimie mapazia.