Meseji za korona: nilitaka kutoa nyota sifuri, mama kanizuia

Nilipanga kuandika kwa upole. Nimeshindwa, maana nikimkumbuka yule kijana wa kwenye simu kichwa kinapata moto.

Mimi nauza samaki wa kukaanga pale feri, Mtwara mjini, wanakopandia watu wa Msangamkuu. Mwaka ule korona ilipoingia, kitochi changu kililia kutwa. Naweni kwa maji tiririka na sabuni. Msishikane mikono. Epukeni msongamano (feri ikitia nanga, msongamano unauepukia wapi?). Mwishoni, namba ya kupiga bure. Na katikati ya meseji mbili za hivyo, moja ya kubeti, nyingine ya bando. Mlio uleule! Utajuaje ipi ya kukuokoa na ipi ya kukukomba hela? Wenzangu wakawa wanafuta zote bila kusoma. Siwalaumu sana. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 2019, tulitangaziwa kimbunga Kenneth, watu wakafunga biashara, wakahamisha watoto, kimbunga kikaenda kuwapiga jirani zetu wa Msumbiji. Kwetu Alhamdulillahi, kwao pole, lakini tangu siku ile ukitamka "tahadhari" pale feri utachekwa.

Mama yangu hakucheka. Yuko Mikindani, kusoma hajui, kwa hiyo kila jioni mimi ndiye msomaji wake. "Haya, leo simu imesema nini?" Redio haiamini, jirani ndiyo kabisa, ila meseji, kwa kuwa imekuja kwenye namba ya mwanawe, anaona ameitwa kwa jina. Akatoboa dumu, akalining'iniza mlangoni na kamba ya kukanyaga kwa mguu. Hata mjumbe alinawishwa kabla ya kukaribishwa.

Ndipo mama akashikwa na homa na kikohozi. Meseji inasema ukiona dalili, piga. Nikapiga. Nikarudia. Sijui mara ya ngapi, akapokea kijana. Nilikuwa na swali moja tu: nimpakie kwenye bajaji na abiria wengine nimpeleke hospitali, au nimwache ndani?

"Dada, meseji si umetumiwa? Kwani hujui kusoma?"

Nikamwambia, kaka yangu, nimesoma, ila habari za bajaji humo hazimo. Akakata.

Yaani unamtisha mtu kutwa mara tano, siku akitishika kweli akakupigia, unamuuliza darasa alilofika! Nilikodi bajaji nzima, faida ya siku mbili ikaenda. Ilikuwa malaria. Mama akapona, mimi hasira hazijapona.

Mpwa wangu, fundi simu, anasema wenzetu New Zealand, Machi 2020, nchi ilipokuwa inafungwa, simu zililia kwa mkupuo, mlio wa peke yake, ujumbe unatoka mnarani bila kuhitaji namba ya mtu. Huo huwezi kudhani ni wa kubeti. Sawa, ila hata huo ungelia, bado ningempigia kijana yuleyule.

Ila niseme na hili, ingawa linaniuma. Ramadhani ya mwaka ule hesabu ya wagonjwa nchini ikaishia 509, haikutangazwa tena mpaka mwaka ukaisha, na kwangu meseji nazo zikaadimika. Pale feri ndoo ya koki ikakosa sabuni, kisha maji, kisha ndoo yenyewe ikatoweka. Hakuna aliyetuambia tuache kunawa. Simu ilinyamaza, tukaelewa tulivyotaka. Ndipo nikajua kumbe zile kelele nilizozitukana zilikuwa zinatushika mkono, hata waliozifuta bila kusoma.

Basi meseji nazipa tatu. Hapana, nne, kwa ajili ya dumu la mama, maana liko mlangoni mpaka leo. Namba ya bure haipati kitu. Na yule kijana, siku nikimpata, nitamketisha pale feri nimsomee meseji yote, neno kwa neno, mpaka nukta.