Wasia au mchango wa kila mwaka kwa walimu wa kesho wa Lubumbashi?

Wahitimu wa vyuo vya ualimu vya Lubumbashi hubishana kila mara: kukiachia chuo wasia au kukichangia kila mwaka? Kwa gharama, wasia haumpunguzii mtoaji hata faranga angali hai. Lakini Kanuni ya Familia ya Kongo, sheria ya mwaka 1987, inawatengea watoto robo tatu ya mirathi, kwa hiyo mzazi anayekiahidi chuo nyumba yake ya pekee mtaani Katuba anaahidi kisicho chake chote. Mchango huanza kazi mara moja, ukilipa minervali (ada ya masomo), nauli ya kwenda kwenye shule ya mazoezi na madaftari ya kuandalia masomo, ila hukatika mishahara inapochelewa.

Kwa uangalizi, wasia ndio mzito zaidi, kwani akiba ya faranga huliwa na kupanda kwa bei, na nyumba ya kupangisha hudai mabati mapya na msimamizi mwaminifu. Mchango hudai mweka hazina tu, ingawa huyo naye, kusema kweli, ni adimu.

Asiye na watoto, mwenye kiwanja chenye hati safi, ana nafasi pana ya kuandika wasia; mwenye mshahara na wengi wa kulisha achange sasa, hata kidogo.