Krimu ya urea asilimia 25 kwa magaga: inapofaa, inapogoma, na mguu usiofaa kutibiwa nyumbani

Swali ninaloulizwa kwanza ni kama krimu hii inaondoa kweli magaga, zile nyufa za visigino. Nianze na jibu: krimu ya urea ya asilimia 25 inaondoa magaga. Haiyafichi kwa siku mbili halafu yakarudi, inalainisha ile ngozi ngumu mpaka itoke. Ninaitumia, nitaendelea kuinunua, na kwa visigino naiweka mbele ya mafuta yoyote ya mgando. Lakini ni krimu ya magaga tu. Lawama nyingi ninazosikia juu yake zinatoka kwa watu walioipaka kwenye fangasi, kwenye sugu yenye kiini, au kwenye mguu wenye kisukari ambao ulitakiwa kuangaliwa kwanza.

Nyayo hazina tezi za mafuta, zina za jasho peke yake. Ngozi ya kisigino ni nene tangu kuzaliwa, na inazidi kuwa nene kadiri inavyosuguana na sakafu ya saruji, mchanga na ukingo wa ndala. Ukisimama, nyama laini iliyo chini ya kisigino inatanuka kwenda pembeni. Ngozi yenye unyevu hutanuka nayo. Iliyokauka haiwezi, inachanika. Ndiyo sababu magaga hukaa ukingoni na si katikati, na anayeshinda na kandambili zilizo wazi nyuma huyapata zaidi ya anayevaa kiatu kinachobana kisigino vizuri. Mafuta ya mgando yanazuia maji ya ngozini yasitoke, basi. Urea inavuta maji kuyaingiza kwenye ngozi, na ikifika kama asilimia 20 inaanza pia kulegeza protini inayoshikilia seli zilizokufa. Chini ya 10 ni losheni ya kulainisha tu. Ya 40 ni kali, hutumika kwa kucha nene na sugu kubwa, na haifai kujinunulia bila kuelekezwa. Kwa hiyo soma boksi: kama neno urea limetajwa mwishoni kabisa mwa orodha na hakuna asilimia, umeshika losheni ya kawaida.

Namna ya kuipaka ndiyo inayoamua kama pesa yako itarudi. Jioni, loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi, isizidi 15, kwa sababu ngozi iliyoloana sana ikikauka inakauka kuliko ilivyokuwa. Sabuni ya kuogea inatosha. Sabuni ya unga na jiki, ambazo baadhi ya saluni huzimimina kwenye beseni ili miguu "itakate", zinaichoma ngozi na kuzidisha ukavu. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu. Ukiona wekundu au ukihisi joto, acha. Punguza kidogo, rudia baada ya siku mbili tatu. Anayetaka kuyamaliza yote kwa usiku mmoja hufika kwenye ngozi hai, na mwili hujibu kwa kuotesha ngozi nene zaidi. Futa maji, hasa katikati ya vidole, kisha paka krimu ngozi ikiwa bado na unyevunyevu.

Kipimo: kamua mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza. Huo ni karibu nusu gramu. Mistari miwili inafunika mguu mzima juu na chini; kwa unyayo na kisigino peke yake, mmoja unatosha. Ukipaka asubuhi na jioni, miguu yote miwili, unatumia gramu 2 kwa siku, na tyubu ya gramu 100 inafika siku 50. Kupaka nyingi zaidi hakuharakishi chochote. Soksi za pamba juu yake zinasaidia sana. Kwa joto la pwani kulala nazo ni taabu, basi zivae saa moja au mbili kabla ya kulala.

Ufa ulio wazi au unaotoa damu usiupake urea. Inawasha vikali, na ndiyo maana wengi huitupa siku ya kwanza. Jaza ufa kwa mafuta ya mgando, uvute kwa plasta ili kingo zikutane, subiri ujifunge, ndipo uanze krimu. Usiipake katikati ya vidole, pale panahitaji ukavu. Wembe uachwe kabisa: haukati ngozi iliyokufa peke yake, na mkato mdogo kwenye kisigino hupona polepole kwa sababu unaukanyaga kila hatua. Jambo jingine kwa akina mama na dada wa pwani: hina halisi haina tatizo kubwa, lakini piko jeusi juu ya kisigino kilichopasuka linaweza kuleta malengelenge mabaya, kwa sababu rangi yake ya kemikali inapita moja kwa moja kwenye ufa.

Ukiifuata hivyo, ngozi inalainika ndani ya wiki ya kwanza, na baada ya wiki mbili tofauti inaonekana. Nyufa za kina huchukua mwezi au zaidi. Ikifika wiki ya nne bila mabadiliko yoyote, usiongeze tyubu. Yamkini hayo siyo magaga.

Mara nyingi yanakuwa fangasi, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Fangasi wa katikati ya vidole wanajulikana na kila mtu: ngozi nyeupe iliyoloana, harufu, muwasho, hasa kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Wanaosumbua kuwatambua ni wa unyayo mzima. Unyayo unakauka, unanenepa, na mistari yake inajaa vipande vyeupe vidogo kana kwamba umekanyaga unga wa sembe. Huenda usiwashe kabisa. Angalia dalili mbili: mara nyingi mguu mmoja umeathirika kuliko mwingine, na kucha moja au mbili za mguu huo zimekuwa nene, za njano, zinamomonyoka. Magaga hayagusi kucha. Urea itazilainisha nyayo hizo kwa muda na kukupa matumaini, lakini fangasi watabaki palepale.

Wa katikati ya vidole unaweza kuwatibu mwenyewe. Klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, na uendelee kama wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi huacha siku muwasho unapokwisha, ndiyo maana unarudi. Tabinafini ya asilimia 1 inachukua muda mfupi zaidi, kwa kawaida wiki moja. Badilisha soksi kila siku, anika viatu juani, usivae raba zilezile kila siku zikiwa hazijakauka. Waliofika unyayo mzima au kwenye kucha ni kazi ya daktari. Atakwangua ngozi kidogo na kuiangalia kwenye hadubini, na akithibitisha huenda akakupa vidonge. Kwa kucha za miguu, tabinafini ya miligramu 250 humezwa kila siku kwa wiki 12, na ini linastahili kuchunguzwa. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au mwaka na nusu kuota wote upya, kwa hiyo usitegemee kuuona msafi siku vidonge vinapoisha.

Kuna krimu ninazoomba watu waache kabisa kuzinunua kwa kubahatisha: zile za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja. Zimejaa madukani kwa sababu zinaondoa muwasho siku ileile. Geuza tyubu usome. Ukiona betamethasone au clobetasol, steroidi ni hiyo. Inatuliza wekundu na muwasho huku ikishusha kinga ya ngozi, na fangasi wanaendelea kusambaa bila kuonekana vizuri. Ukiacha, wanarudi wengi zaidi na kwa sura ambayo hata daktari hupata shida kuitambua.

Sugu yenye kiini, ile inayochoma ukiibonyeza, imeletwa na kiatu kinachobana au mfupa unaogusa kiatu. Urea inapunguza unene wake, kiatu kinaurudisha. Badili kiatu kwanza. Maumivu ya kisigino yanayokupata hatua za kwanza asubuhi kisha yakapungua hayana uhusiano na ngozi: mara nyingi ni utando mgumu wa chini ya unyayo ulioumia, na dawa yake ni kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu na kuvaa kiatu chenye soli ya maana, si krimu. Ukucha uliozama nyamani unazuilika kwa kukata moja kwa moja, bila kuzungusha pembe. Ukishatoa usaha au ukaota kinyama pembeni, acha kuuchokonoa kwa pini. Hospitali watakutia ganzi ya kidole kwa sindano na kuondoa upande uliozama, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Doa au mstari mweusi nao usiuachie hina iufunike. Sisi wenye ngozi nyeusi huwa na mistari ya rangi kwenye kucha kadhaa bila ubaya wowote. Wa kutilia shaka ni mstari wa ukucha mmoja unaopanuka, au weusi unaovuka hadi kwenye ngozi inayozunguka ukucha, au doa la unyayoni linalokua na kubadilika umbo. Bob Marley, aliyefariki 1981 akiwa na miaka 36, saratani yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na ilidhaniwa kwanza kuwa ni jeraha la mpira. Saratani ya ngozi ya aina hii, ikitupata sisi, mara nyingi huanzia hapo: nyayoni na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki.

Sasa kisukari. Krimu yenyewe si adui. Wahudumu wa kliniki huishauri kwa ngozi kavu isiyo na ufa. Hatari iko kwenye beseni, jiwe na plasta za asidi ya kuondoa sugu. Mguu uliokufa ganzi hauhisi maji yanayounguza, haujui jiwe limefika kwenye nyama, wala haulalamiki asidi inapotoboa. Mwaka 2005 madaktari wa Tanzania waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Mtu analala, panya anatafuna, yeye hana habari mpaka aone damu asubuhi. Ganzi inafika hapo. Kwa hiyo mwenye kisukari asiloweke miguu, apime maji ya kuoshea kwa kiwiko, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na aangalie nyayo kila jioni kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine nyumbani.

Angalau mara moja kwa mwaka aombe kupimwa miguu kliniki, hata kama haumwi kitu. Kipimo chenyewe ni rahisi: umefumba macho, mhudumu anagusa ncha ya kidole gumba na sehemu ya mbele ya unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, nawe unasema umehisi wapi. Kisha anatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Aliyewahi kuwa na kidonda anatakiwa kuonwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Na miguu kuwaka moto au kuchomachoma usiku kwa mtu ambaye hajawahi kupima sukari ni sababu tosha ya kwenda kupima kesho. Baka lisilohisi chochote kwenye ngozi ni jambo jingine tena, linaweza kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure.

Usisubiri hata kesho kama mguu umevimba ghafla, una joto, unang'aa na unauma, hasa ukiwa na homa. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani sana, kwa hiyo amini mkono wako unaohisi joto na siyo macho. Vilevile kidole kilichogeuka cheusi au cha baridi, kidonda chenye harufu, na kidonda chochote kwenye mguu wa kisukari, hata kisichouma. Kutouma ndiko kunakotisha. Mguu wenye kisukari uliovimba na kuwa wa moto bila kidonda nao ni dharura, kwani mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani kimyakimya.

Huku kwetu wataalamu wa miguu peke yake ni wachache, hivyo usihangaike kuwatafuta. Ngozi na kucha peleka kwa daktari au tabibu wa ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, kumekuwa na kituo cha kanda cha kuwafundisha tangu 1992. Ganzi na vidonda peleka kliniki ya kisukari. Asubuhi ya kwenda usipake krimu, toa rangi ya kucha, na sema wazi kila ulichopaka, pamoja na dawa ya fangasi uliyoanza mwenyewe, maana inaweza kufanya kipimo kisione kitu. Beba tyubu zenyewe. Vaa viatu unavyovivaa kila siku, hata kama vimechakaa, kwa sababu soli iliyolika upande mmoja inamwonyesha daktari mguu unapoegemea.