Kichujio cha ndoo cha Sawyer PointONE: kwa wachungaji wanaorudi kwenye sharika rafiki

Mchungaji anayekuja Iringa kila mwaka kutoka usharika rafiki wa Minnesota ana masanduku yake mawili ya kilo 23, na kabla ya kuyafunga huwa anauliza alete nini safari hii. Ubia wa Bega kwa Bega, kati ya Sinodi ya Eneo la Saint Paul, ya Walutheri wa Minnesota huko Marekani, na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ulianza 1987, na sharika za huku na za kule zimekuwa zikitembeleana miaka yote hiyo. Katika vitu vinavyobebwa kwenye safari hizo, kichujio cha ndoo cha Sawyer PointONE kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kinaingia moja kwa moja kwenye kikombe cha maji cha mtoto.

Jibu letu ni hili: ni kifaa kizuri sana mkononi mwa mgeni atakayerudi. Anayekuja mara moja tu asikilete. Afadhali fedha hiyo inunue WaterGuard, dawa ya klorini ya kutibu maji, na mapipa yenye koki, vitu ambavyo usharika unaweza kuvipata tena wenyewe.

Ndani ya boksi kuna kichujio chenyewe, ambacho kinaenea kiganjani, mpira mfupi wa maji, kiungo cha kufunga kwenye ndoo pamoja na nati na washa zake (vipete bapa vya kuzuia kuvuja), kikata tundu cha kuzungusha kwa mkono, kindoano cha kutundikia, na bomba la sindano la kuoshea. Ndoo haimo, na hakuna haja ya kuibeba kutoka mbali. Inunuliwe huku, ya lita 20 yenye mfuniko, iwe mpya au iliyokuwa ya mafuta ya kula. Ndoo iliyobeba rangi au dawa ya shambani isitumike hata kama imesuguliwa mara kumi, maana kichujio hiki hakiondoi kemikali.

Kazi yote inafanywa na nyuzi nyembamba za plastiki, zenye uwazi katikati kama mirija, zilizofungwa pamoja ndani ya ganda. Maji hupenya kwenye vitundu vya kuta zake, na vitundu hivyo havizidi mikroni 0.1 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawapiti hapo. Amiba na giardia ni wakubwa zaidi, nao hawapiti. Kiwanda kinatangaza kwamba kinaondoa asilimia 99.99999 ya bakteria na asilimia 99.9999 ya protozoa. Hakihitaji umeme wala pampu, kwa kuwa uzito wa maji yaliyo ndooni ndio unaoyasukuma. Ndiyo maana ndoo iliyojaa hutoa maji kwa kasi, na iliyobaki robo huchuruzika.

Virusi vinapita. Virusi vya homa ya ini aina ya A na rota ni vidogo mno kwa vitundu hivyo, kwa hiyo palipo na vyoo karibu na kisima, maji yakishachujwa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha yasubiri nusu saa. Kiwanda hichohicho kimewahi kutoa aina nyingine, PointZeroTWO, yenye vitundu vya mikroni 0.02 inayozuia hata virusi, lakini ilikuwa ghali zaidi na ilitoa maji polepole. Chumvi nayo inapita, na floraidi pia, madini ya asili ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa. Hili la floraidi tunalisisitiza kwa wageni wa Meru, ambako Sinodi ya Greater Milwaukee ina ubia, na kwa wanaokwenda sharika za Arusha. Maji ya ukanda ule wa volkano mara nyingi yanazidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto yanatosha kuwa ushahidi. Huko kinachohitajika ni mkaa wa mifupa au chanzo kingine cha maji. Ukiwapa kichujio hiki wataona maji yameng'aa, wataamini ni salama, na mifupa itaendelea kuumia.

Kukifunga ni kazi ya robo saa. Pima vidole viwili kutoka kitako cha ndoo, ili tope litulie chini ya tundu. Zungusha kikata tundu taratibu bila kukandamiza, kisha kwangua kingo kwa kisu mpaka ziwe laini, kwa sababu kinyuzi kimoja cha plastiki kikibaki chini ya washa, ndoo itavuja usiku kucha. Washa ikae bapa, nati ikazwe kwa mkono tu. Ukiikaza kwa koleo, kiungo kinapasuka, na kiungo hicho hakipatikani Iringa wala Dodoma. Weka ndoo juu ya stuli au meza, jaza maji, ning'iniza kichujio chini ya kitako cha ndoo. Maji yasipotoka mara ya kwanza, usidhani kimeharibika. Ni hewa iliyonaswa kwenye mpira. Kigeuze mdomo wa kutokea uangalie juu, kigongegonge kwa kiganja, utaona mapovu yanatoka halafu maji yanafuata. Ukitaka kuyazuia maji, kinyanyue kichujio ukitundike kwenye ukingo wa ndoo.

Sasa kuosha, na hapa ndipo vichujio vingi vinapofia. Vuta maji yaliyokwisha chujwa kwa bomba la sindano, ingiza pua yake kwenye tundu la kutokea maji, kisha sukuma kwa nguvu na kwa kasi. Maji ya rangi ya chai yatarudi upande wa kuingilia. Rudia mpaka yatoke meupe. Ukisukuma taratibu kwa upole, maji hutafuta njia kwenye nyuzi zilizo wazi na kuziacha zilizoziba vilevile. Kosa baya kuliko yote ni kuosha kwa maji ya mtoni, kwani hapo unaingiza uchafu upande wa maji safi, na kila kikombe kitakachofuata kitapita juu ya uchafu huo. Maji ya kisima kifupi wakati wa masika yanataka kuoshwa kila siku. Ya bomba la mserereko, hata mara moja kwa wiki yanatosha. Maji yenye tope zito yaachwe kwanza yatulie usiku kucha kwenye ndoo nyingine, au yatiwe shabu kidogo, kisha yachujwe kwa kitambaa cha pamba kabla ya kumiminwa.

Bomba la sindano ndilo la kwanza kupotea. Watoto wanalipenda, na mfugaji akiliona anajua papo hapo kwamba linafaa kunyweshea ndama dawa. Likishatumika kwa ndama lisirudi kwenye kichujio. Bomba la mililita 60 kutoka duka la dawa za mifugo linafaa kushika nafasi yake, mradi liwe jipya na pua yake ikae sawasawa kwenye tundu.

Maji magumu huacha chokaa ndani ya nyuzi, hasa kichujio kikikauka wiki kadhaa bila kutumika. Dawa yake ni siki nyeupe: kiloweke nusu saa, kioshe kwa bomba. Maji ya moto yanasaidia pia, ila yasizidi nyuzi joto 60, kwa hiyo usimimine yanayotokota. Kabla ya kukihifadhi muda mrefu, pitisha lita moja ya maji safi yenye kifuniko kimoja cha Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) isiyo na manukato, kikung'ute, kiache kikauke.

Mgeni wa Minnesota ana tahadhari yake pekee: baridi. Kichujio kipya ambacho hakijawahi kulowa hakidhuriki. Kilichojaribiwa kwa maji jikoni, halafu kikaachwa usiku mmoja kwenye gari Januari, kimeshakufa. Maji yaliyobaki huganda na kuzipasua nyuzi, na jicho halioni chochote. Maji yataendelea kutoka, tena kwa kasi nzuri, na bakteria ndani yake. Kwa hiyo usikijaribu nyumbani. Kifunguliwe boksi mbele ya watu watakaokitumia.

Tuseme sasa kwa nini tunasisitiza kurudi. Uchunguzi uliochapishwa 2015, wa vichujio vya aina hii vilivyotumika majumbani Honduras kwa karibu miaka miwili, ulikuta uchafu umegandamana kwenye nyuzi hata baada ya kuoshwa. Kifaa hiki kinachoka, na kinachoka kimyakimya. Dawa tunayoijua ni chupa ya lita moja na saa. Siku ya kukifunga, ndoo ikiwa imejaa, pima sekunde ngapi chupa inajaa, uandike namba hiyo na tarehe kwenye ndoo kwa kalamu isiyofutika. Mchungaji akirudi mwaka unaofuata, kabla hata ya chai, apime tena. Ikiwa muda umeongezeka mara mbili na siki haikusaidia, kibadilishwe. Ikiwa maji yanatoka kwa kasi kuliko siku ya kwanza, hiyo ni hatari zaidi: kitolewe siku hiyohiyo. Vichupa vya kupimia vinavyogeuka vyeusi maji yakiwa na kinyesi ni vyepesi kubeba, na vinaonyesha kile ambacho saa haiwezi kuonyesha.

Kuhusu nani apewe, tunashauri vichujio vichache vilivyo mahali panapoonekana: jiko la shule ya chekechea, zahanati, nyumba ya mwinjilisti wa mtaa wa mbali. Kugawa hamsini kanisani baada ya ibada kunapendeza kwenye picha, lakini mwaka unaofuata hakuna atakayejua viko wapi. Kila kimoja kiwe na mtu wake mwenye jina. Mama wa umoja wa wanawake anayepika hapo kila siku atakitunza kuliko mwenyekiti wa kamati. Afundishwe kwa Kiswahili au Kihehe, na aoshe yeye mwenyewe mbele ya mgeni, kwa sababu kutazama tu hakutoshi. Maji safi yaingie kwenye dumu lenye mdomo mwembamba au pipa lenye koki. Yakikingwa kwenye sufuria wazi na kuchotwa kwa kikombe, kazi yote imepotea.

Kwa kila vichujio vitano, mchungaji abebe mabomba matano ya sindano ya ziada, washa kumi na viungo viwili. Vyote vinaingia kwenye soksi moja.