Unga wa majani kwa kuku, na jibu la "kuku anakula jaani"

Jamani, yeyote anayefikiria kununua ule unga wa majani ya mlonge na thomu unaouzwa kwa pakiti hapa Chake Chake kwa ajili ya kuku, anisome kwanza. Duka silitaji, wala kijana aliyeniuzia simtaji. Nataka tu mjue nilichojibiwa siku niliporudi na pakiti mkononi, kwa sababu mpaka leo hakijanishuka kooni.

Pakiti niliifungua nyumbani, masika yamekolea. Kabla sijaona kitu ikanipiga harufu, ile ya godoro lililolowa likafungiwa chumbani. Nikaumimina kwenye ungo. Unga mzuri wa mlonge ni mkavu, wa kijani, unateleza vidoleni. Huu ulitoka mabonge ya rangi ya udongo. Nikapasua bonge moja kwa ukucha, ndani mna nyuzi nyeupe za kuvu na vumbi likapaa. Kuku sikuwapa hata kijiko. Nikaufunga, nikautia mkobani, asubuhi nikapanda gari ya mjini.

Dukani nikamsalimu vizuri, nikamwambia, "Mwanangu, pakiti hii imeota kuvu, naomba unibadilishie." Hata hakuishika. Macho kwenye simu, akanijibu, "Bi mkubwa, kuku anakula jaani, ataukataa unga?" Watu waliokuwa pale wakacheka.

Pale sauti ilinikauka, basi namjibu hapa. Kuku anayekwenda jaani anachagua. Anaparua, anadonoa funza, anapata mchwa huku na jani kule, kilichooza anakipita. Kuku wa bandani achague nini? Anakula alichomwagiwa, njaa ikimbana anakula hata kibaya. Na kuvu si harufu tu. Ile inayoota kwenye nafaka na majani yaliyofungwa na unyevu inaweza kutoa sumukuvu, na hiyo inakula ini la kuku polepole, inadumaza vifaranga, inapunguza mayai. Ukiuanika unga juani harufu itaondoka, sumu itabaki. Bata ndio kabisa, hawaihimili. Tena sumu hiyo inaweza kupita ikafika kwenye yai, na mayai ya kwangu wanakula wajukuu zangu. Huyu ananichekea!

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba tuko Pemba. Hapa mtoto mdogo anajua karafuu haitiwi guniani kabla haijakauka. Ikianza mvua, nyumba nzima inakimbilia majamvi, hata mgonjwa anainuka. Ikifungwa mbichi inakuwa mpeta, yaani imeharibika, na ukienda kuiuza kituoni bei yake utaisikitikia. Mtu aliyelelewa katika kazi hiyo anawezaje kufunga majani mabichi kwenye nailoni halafu akaniuzia kwa shilingi 5,000? Kujua anajua. Kaona ni chakula cha kuku, basi.

Haki yao nitawapa. Pakiti za mwanzo nilizonunua, wakati wa kiangazi, zilikuwa nzuri hasa. Kuku wangu wanakula pumba na chenga za mchele, na chenga hazina rangi, ndiyo maana viini vya mayai vilikuwa vimepauka. Nilipoanza kuwachanganyia mlonge, viini vilikolea manjano mpaka jirani akaniuliza nawalisha nini. Majani yale yana protini nyingi, karibu robo ya uzito yakishakauka, na mitetea iliyokuwa imenyonyoka shingo ikarudisha manyoya. Sisemi ni mlonge peke yake, dagaa nao walikuwa wanapata, lakini tofauti niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa naelekea kuandika kwamba masika ni masika, pengine unyevu umewashinda, msiwahukumu kwa pakiti moja, wajaribuni tena jua likiwaka.

Ndipo nikaigeuza pakiti ili niseme sawasawa walichoandika nyuma. Wameandika: "Kinga ya kideri. Hakuna haja ya chanjo."

Hapana. Nimeufuta msamaha wangu wote. Kideri si mafua. Ni ugonjwa wa virusi, ukiingia mtaani unafagia banda kwa banda: kuku anahara kijani, anapinda shingo, anaburura bawa, na dawa ya kumtibu haipo. Kinachomkinga ni chanjo. Ile ya tone la jicho ni tone moja tu kwa kuku, inarudiwa kila miezi 3 hivi, na anapewa kuku mzima, hangojwi augue. Bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko ya yai. Thomu ninaipenda, natwanga natia kwenye maji yao ya kunywa, lakini thomu haizuii kideri, mlonge hauzuii, mwarobaini hauzuii, shubiri haizuii. Mjane anayefuga kuku wake ili apate ada ya skuli atasoma maneno hayo, aache chanjo, kisha aamke akute banda zima limelala. Huyo naye ataambiwa kuku wanakula jaani?

Mimi sasa nachuma mwenyewe. Mlonge upo kwenye ua wangu, na kwenye ua wa nusu ya majirani zangu pia. Naanika ndani, juu ya jamvi, kivulini, nayageuza, kwa sababu jua kali linayapausha. Jani likivunjika kwa kidole bila kujipinda, ndipo ninatwanga. Sizidishi: sehemu 1 katika 10 za chakula ndiyo mwisho, kawaida nachanganya pungufu ya hapo, maana ukizidisha wanasusa na mayai yanapungua. Machicha ya nazi nawapa siku ile ile, yakilala yanachacha. Mifupa ya ngisi tunaokota pwani, natwanga, na maganda ya mayai yamekuwa magumu. Maganda na kokwa za parachichi siwapi kabisa, ni sumu kwa ndege.

Walioko mjini wasio na ua wala mti, nawafahamu, hawana budi kununua. Basi nunueni majani makavu mazima, msinunue unga, kwenye unga hamjui mmeuziwa nini. Na kama ni unga, ufungulieni pale pale dukani kabla hamjatoa pesa, mnuse, mtie mkono. Muuzaji akikataa pakiti isifunguliwe, mwachieni.

Pesa yangu sikurudishiwa na sitoifuata. Ila yale maneno ya chanjo wayafute, hata kwa kalamu ya wino, pakiti moja moja, kabla hayajamfikia mtu anayeanza kufuga.